Aliyekunywa Kidogo Ndiye Aendeshe

Nilipozinduka hospitalini niliuliza ni saa ngapi. Muuguzi akanijibu, nami sikuelewa jibu lake. Niliona midomo yake ikicheza, nikaisikia sauti yake vizuri kabisa, lakini maneno yalikuwa kama ya watu wanaozungumza chumba cha pili. Nikamwomba arudie. Kumbe naye hakuwa amenielewa mimi. Tukatazamana. Kisha akanisogezea saa aliyoitundika kifuani, nikaiangalia mishale yake kwa muda mrefu. Nilijua kwamba ile ni saa. Ilikuwa inasema nini, hilo sikuweza kulitoa.

Ilikuwa siku ya nne baada ya Noeli. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa ya mwisho nilikuwa nimeiishi hapa Brussels, lakini Kifaransa kilikuwa kimenitoka kichwani. Kiswahili kilibaki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishangaza kuliko yote, kuliko hata nywele zilizonyolewa upande mmoja na mshono uliopita juu ya sikio la kushoto, kuliko mkono wa kulia uliolala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Nilipenda kuuangalia mkono ule. Nilikuwa nauambia, sogea, halafu nangoja nione kama utanitii.

Naitwa Clarisse. Nilizaliwa Lubumbashi. Mume wangu, Placide, ni wa huko huko, na hapa kazi yake ni kutengeneza lifti. Tuna binti mmoja, Naomie, wa miaka kumi na sita. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawapikia, nawasikiliza. Ni kazi ya maneno kuliko watu wanavyodhani. Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye hivi sasa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika korido ya hospitali, ameambiwa asubiri, na hajui anasubiri nini. Mimi nilikaa kwenye viti hivyo kuanzia Januari hadi miti ya msitu wa Soignes ilipopukutisha majani. Ya kitaalamu sitayaeleza. Madaktari waliyaeleza mara nyingi, nami nilisahau kila mara.

Siku yenyewe sina. Najua kwamba tulialikwa chakula cha mchana Auderghem, kwa Yaya Odette, dada mkubwa wa Placide (kwetu yaya ni kaka au dada aliyekuzidi umri), kwa sababu tunaenda kila Noeli. Asubuhi yake naikumbuka: natafuta kifuniko cha sufuria ya sombe, kisamvu chetu, nakikosa, nafunika kwa sahani. Baada ya sahani ni muuguzi na saa yake. Katikati pamekatwa.

Basi niliuliza kila aliyekuja. Placide alikuja kila alasiri akitembea polepole, mkono ukishika mbavu, maana naye alivunjika mbili. Akaniambia tuligonga tukirudi nyumbani, kulikuwa na manyunyu, kwenye taa za barabarani. Halafu akatazama sakafu. Nilipouliza zaidi akasema nipumzike. Aliyeniambia ni Naomie, ambaye siku ile alibaki kwa binamu zake na hakuwa ndani ya gari.

"Chauffeur alikuwa alisha kunywa, maman," akasema, akaanza kulia.

Sikumuuliza huyo chauffeur, dereva, ni nani. Kwetu neno hilo halichagui mwanamume wala mwanamke, lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ya ushahidi: tukiwa pamoja, anaendesha Placide. Niligeuza kichwa nikamtazama mume wangu, aliyesimama dirishani na mbavu zake, na nikaanza kumchukia kwa utulivu, kama mtu anayeanza kazi mpya.

Januari yote nilichunguza kichwa changu. Sikuwa na kazi nyingine. Niligundua kwamba hata Kiswahili changu kilikuwa na mashimo, na mashimo yale yalikuwa na mpangilio. Sisi watu wa Lubumbashi tunaongea Kiswahili kilichoshonwa kwa Kifaransa. Siku za wiki, miezi, bei, umri, namba za mabasi, yote tunayasema kwa Kifaransa bila kujijua. Kifaransa kilipoondoka kiliondoka nayo. Nilitaka kumwambia Placide aje Alhamisi, na pale ambapo Alhamisi ilipaswa kuwa hapakuwa na kitu. Nilitaka kusema umri wa binti yangu, nikaonyesha vidole, vikaisha kabla ya umri.

Aliyeziba mashimo hayo ni Mama Rehema, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mtanzania wa Tanga, mama wa miaka sitini na kitu ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi. Niliporudi nyumbani mwishoni mwa Januari alipanda na chupa ya chai ya tangawizi, akakaa. Nilipokwama kwenye namba alinipa yake.

"Sabini na moja," akasema, basi la 71 lilipopita chini ya dirisha letu. "Sema na wewe, mdogo wangu. Don't rush."

Nikasema. Namba iliingia mahali ambapo hapakuwa na kitu, ikakaa. Namba hizi nilifundishwa shule ya msingi nikazitupa. Sasa kila alasiri tulikaa dirishani tukihesabu mabasi kama watoto, naye alikuwa akinirekebisha "mutoto" kuwa "mtoto," hadi nikamwambia kile cha kwetu akiache, kina mizizi yake. Akacheka. Ndiyo maana leo naandika hivi, nusu kwa kinywa changu na nusu kwa chake.

Mara tatu kwa wiki nilienda kwenye kituo cha mazoezi. Ukumbi wake wa kusubiria ulikuwa na viti vya kijani na mashine ya kahawa iliyopiga kelele kama inayotaka kuruka. Wanaokaa pale hujuana bila kuzungumza, maana nusu yetu hatukuweza kuzungumza. Palikuwa na mzee mmoja aliyepoteza maneno yote isipokuwa moja, "voilà," naye alilitumia kusalimia, kushukuru na kulalamika, na kila mtu alimwelewa. Nilimwonea gere. Nikirudi nyumbani nililala kwa muda wa saa tatu, mchana kweupe, kwa uchovu ambao sijapata kuuona, kana kwamba nimebeba magunia.

Mwezi wa pili nilikwenda Galerie d'Ixelles kwa Maman Béa, anayenisuka tangu nifike nchi hii. Niliogopa sana kiti chake. Alivua kitambaa changu, akaangalia kovu na nywele fupi zilizoota kuzunguka, hakusema pole, hakuuliza. Aliosha kwa maji ya vuguvugu, akipita kando ya kovu kwa kidole kimoja, kisha akasuka upande wenye nywele ili uanguke juu ya ule usio nazo. Wateja wengine walipoanza kuniuliza maswali, alipandisha sauti ya redio. Sitamsahau kwa redio ile.

Nyumbani kulikuwa kubaya. Nilimwambia Placide akalale sebuleni, akaenda. Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Lubumbashi, akamtukana kwa spika nikisikia, akamwita mlevi aliyetaka kumuua dada yake, Placide akajibu, "Ndiyo, yaya," akaniachia simu. Mama yangu alikataa kuongea naye kabisa. Sikumtetea. Alinipikia, alinifunga vifungo vya blauzi kwa kuwa mkono wa kulia haukuviweza, na mimi nilikuwa nikitazama vidole vyake vikifunga na kujiuliza mtu anawezaje kufanya uovu kwa vidole hivyo hivyo.

Sentensi yangu ya kwanza ndefu ya Kifaransa niliisema Machi, jikoni. Alikuwa amechelewa na basi la kunipeleka mazoezini limetupita. Nikamwambia kwamba amezoea kuharibu maisha ya watu na sasa anaharibu hata ratiba zao. Ilitoka nzima, vitenzi vimekaa sawa. Naomie aliacha kula. Placide alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, karibu afurahi, kisha akachukua koti langu.

Aprili, miti ya mtaa wetu ilipotoa maua, niliteremka mwenyewe kuchukua barua kwenye kisanduku. Kwa kawaida Placide ndiye aliyezichukua. Siku hiyo alikuwa kazini mapema, na nilitaka kujua kama nitaweza kutumia ufunguo mdogo kwa mkono wa kulia. Niliweza. Ndani palikuwa na bahasha ndefu yenye jina langu. Kusoma kulikuwa bado kazi, basi nikaitia mfukoni nikaipeleka kwa Madame Sophie, mwalimu wangu wa kusema pale kituoni, iwe zoezi la siku. Alipenda mazoezi ya maisha halisi.

Wiki zile tulikuwa kwenye miisho ya maneno. Kifaransa hutaka kujua kama mtu ni mwanamume au mwanamke hata pale Kiswahili hakijali. Kwetu mkurugenzi ni mkurugenzi, msusi ni msusi. Kwao kuna mwisho wa mwanamume na mwisho wa mwanamke, na mimi nilikuwa nikiifurahia michezo hiyo. Niliweka kidole chini ya mstari nikaanza. Ilikuwa barua ya mahakama ya polisi, ile ya makosa ya barabarani. Ilisema tarehe ya Noeli, ilisema barabara ya Auderghem, ilisema mwendesha baiskeli aliyejeruhiwa mguu. Kisha nikafika kwenye neno la dereva, "conductrice," nikalisoma kwa sauti, taratibu, nikifurahi kwamba nimelimudu.

Madame Sophie hakuniambia "vizuri," kama alivyozoea. Nikalisoma tena. Nikatazama mwisho wake.

"Ni mwanamke?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema. Kisha akasema labda tusimame hapo, ampigie mume wangu. Nilimwomba tuendelee. Mstari uliofuata ulikuwa na jina langu.

Nitasema ukweli wa kilichonijia, kwa kuwa huenda na wewe kitakujia hivyo na utadhani umekuwa mtu mbaya. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hamu ya kujua. Nilijaribu kujiona nimeshika usukani siku ile, nilizunguka kichwa changu chote nikitafuta mikono yangu juu ya usukani, nikakuta ile sahani juu ya sufuria tu. Huzuni ilinikuta baadaye, kwenye kiti cha kijani, nikimsubiri Placide. Nilimfikiria huyo wa baiskeli, ambaye hata sikujua alikuwepo. Yule mzee wa neno moja alikuwa amekaa mbele yangu. Alinitazama kwa muda, akanyanyuka kwa shida, akaniletea glasi ya maji.

Placide akafika. Barua ilikuwa mapajani mwangu. Tulipanda basi, na jikoni kwetu ndipo nilipomuuliza.

"Ni mi njo nilikuwa naendesha?"

"Ni weye."

"Na nilikunywa."

"Ulikunywa, bon, kidogo."

Akanieleza. Chakula kilipokwisha, kwenye saa kumi alasiri, yeye alikuwa amekunywa vya kutosha kutosimama vizuri. Mdogo wake, Serge, vilevile. Yaya Odette akasema mezani, aliyekunywa kidogo ndiye aendeshe, na watu wakaanza kuhesabu glasi za wenzao huku wakicheka. Nikashinda mimi. Niliuliza glasi ngapi. Akataja: moja ya kukaribishwa, mbili za mvinyo na chakula, moja ndogo ya kugonganisha mwishoni. Kwa Noeli ya kwetu, hiyo ni sawa na mtu ambaye hakunywa.

Hapa Ubelgiji dereva aliyekubali kutokunywa wanamwita Bob. Kila Desemba wanabandika mabango yake kando ya barabara, na mimi nilipita chini yake miaka yote nikienda kwa wazee wangu. Bob ni yule asiyegusa hata tone. Katika familia yetu tulidhani Bob ni yule aliyezidiwa kwa kunywa na wengine wote.

"Mbona ulinyamaza?" nikamuuliza. "Kaka yangu alikutukana."

"Docteur alisema tungoje kwanza, upate nguvu. Nikaomba Naomie na Yaya nao wangoje." Aliketi. "Kisha nikaona, wakati unanikasirikia, maneno inatoka. Nikasema, acha anikasirikie. Na clé ya gari ni mi nilikupatia, Clarisse. Niliitoa mu mufuko yangu nikakuwekea mu mukono. Ile usiisahau."

Usiku huo hakulala sebuleni. Kesho yake nilimpigia kaka yangu na mama yangu, nikawaambia dereva alikuwa mimi. Kaka alidhani ugonjwa unaniongelesha. Mama akaomba apewe Placide. Nikampa, nikatoka nikafunga mlango. Walichozungumza sijaambiwa.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kwa namna nyingine, kwa kuwa hasira niliyoitumia kama fimbo ya kutembelea ilikuwa imeondolewa. Mei nilirudi nyuma, maneno yakapungua, nikakataa kwenda mazoezini wiki mbili. Mama Rehema alipanda akakaa kitandani pangu bila kuhesabu mabasi. Alisema hatanifariji, kwa kuwa kuna mtu aliyeumizwa, lakini hataniacha nikae na njaa pia. Nikala. Julai nikaweza kufunga vifungo vyangu. Septemba nilisimama mbele ya hakimu, nikajibu kwa Kifaransa cha polepole, leseni ikazuiwa, nikapewa mafunzo ya lazima na adhabu nyingine ambazo sikuzipinga. Kazini walinirudisha kwa saa chache, kwa wazee wanaofikika kwa basi.

Nilikuwa nimeomba kuonana na yule wa baiskeli, kupitia watu ambao kazi yao ni kukutanisha pande mbili za namna hii. Aliwaza miezi mitatu. Oktoba akakubali.

Nitamwita Madame Hilde. Ni Mflemi, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, mwalimu wa piano, amenizidi miaka kumi hivi, na Kifaransa chake nacho kilikuwa cha taratibu, kwa hiyo tulikwenda mwendo mmoja. Alikuja na fimbo. Aliniambia alitaka kuuona uso wangu ukiwa umetulia. Akauliza ninakumbuka nini. Nikamwambia, hakuna. Alishangaa, kisha akaonekana kama mtu anayepima kitu.

"Mimi nakumbuka yote," akasema. "Unataka nikupe?"

Nikasema ndiyo.

Taa ilikuwa ya kijani kwake. Kulikuwa na manyunyu na kiza kilikuwa kinaanza. Alikuwa akitoka kwa dada yake na keki ndani ya kikapu. Aliliona gari letu halipunguzi mwendo, akatazama kupitia kioo cha mbele, akaniona.

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Umemgeukia mtu wa pembeni yako, unacheka. Sijasema kwa ubaya. Mwanamke anacheka na mume wake. Miezi mingi nimekuchukia kwa kicheko hicho."

Ndicho kitu pekee nilichonacho cha alasiri ile, na si changu, nimepewa na mtu niliyemvunja mguu. Wakati mwingine najaribu kukumbuka Placide alikuwa amesema nini cha kuchekesha hivyo. Naye hakumbuki.

Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki tatu na Madame Sophie. Katikati yaliniponyoka. Madame Hilde hakunisaidia, wala hakutazama pembeni. Alisubiri hadi yakarudi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Alisema mguu wa kulia haukandamizi tena pedali ya piano inavyotakiwa, kwamba anafundisha lakini hapigi. Kisha akauliza kuhusu mkono wangu. Nikauweka mezani nikamwonyesha vidole viwili ambavyo bado huchelewa. Yeye akapandisha suruali akanionyesha kovu la goti. Tuliyaangalia majeraha hayo kwa makini, wanawake wawili, kama tunaochagua vitambaa.

Noeli ikafika tena. Yaya Odette aliuliza kama tutakuja, nikasema tutakuja kwa metro. Mezani hakuna aliyenimiminia. Placide alikunywa maji, uamuzi wake mwenyewe. Serge alikuja na mke wake Mireille na watoto wao wawili, kwa gari, kutoka Anderlecht. Nilimwona akinywa. Sikuhesabu, nilikwisha kuapa kutohesabu glasi za mtu, lakini niliona. Saa kumi akasimama, akapapasa mfuko wa koti.

"Mi nilikunywa kidogo," akasema. "Kutoka hapa mpaka kwetu si mbali, donc, hakuna problème."

Kila mtu akanitazama au akakwepa kunitazama. Nilinyanyuka, nikaenda kusimama mbele ya mlango. Sentensi niliyokuwa nimeitayarisha kwa Kifaransa ilikwisha kukimbia, basi nikasema kwa Kiswahili, polepole.

"Serge, mi nilikunywa kidogo. Mutu mumoja hapigi tena piano. Leta clé."

Alikasirika. Aliniambia, mbele ya watoto wake, kwamba mimi sasa nimekuwa askari, kwamba aliyegonga ni mimi si yeye, kwamba ajali yangu isiwe sheria ya familia. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini sikuondoka mlangoni. Placide alikuja akasimama kando yangu, kisha Mireille akatia mkono kwenye koti la mume wake, akatoa ufunguo, akauweka ndani ya mkoba wake.

Serge akajitupa kwenye kochi, akageukia ukuta. Baada ya dakika kumi alikuwa anakoroma. Watoto walitoa michezo yao chini ya mti wa Noeli wakacheza sakafuni karibu naye, wakimruka miguu. Mireille alimfunika blanketi, akaenda jikoni kumsaidia Odette vyombo. Mimi nilibaki pale. Nilisimama nikimtazama shemeji yangu anavyopumua, kifua kikipanda na kushuka chini ya blanketi, na sikuchoka kumtazama.